Kinyoya Kizito cha Bondeni

Jumapili, 7 Machi 1993

Mimi Rubeni Shemboza nina miaka sabini na sita. Nimewazika wake wawili na mwanangu Stephano. Nimeona nzige, nimeona ndui, nimeona machifu wakivuliwa uchifu, Waingereza wakishusha bendera yao hapahapa Lushoto, vijiji vya ujamaa, foleni ya sukari, na chama cha ushirika kikifa huku wenyewe wakiwa mkutanoni. Vyote hivyo vilinikuta nimesimama na vikaniacha nimesimama. Kusoma nilisoma madarasa mawili ya misheni, mwalimu akanifukuza kwa ubishi. Lakini siku ile mimi ndiye niliyekuwa sahihi.

Naandika kwa sababu Severin amenitukana. Severin ni jirani yangu, Mmatengo, aliletwa huku kuchuma chai akasahau kurudi kwao. Jana nilimwambia kwamba mjukuu wangu Raheli amechaguliwa kwenda Dar es Salaam kwenye mashindano ya kimataifa ya mpira wa vinyoya, upande wa wanawake mmoja mmoja. Akacheka mpaka akakohoa.

"Wewe Mshambaa," akasema, "mwaka ujao utatuambia alicheza na malkia."

Basi kila kitakachotokea nakiandika kikiwa bado cha moto, asije akasema nimeongeza chumvi.

Kwa asiyeujua, mchezo ni huu. Kuna wavu katikati, watu wawili huku na huku, kila mmoja na raketi yake. Kinyoya ni kichwa kidogo cha gome kilichochomekwa manyoya ya bata. Kikianguka kwako ndani ya mistari, umekosa. Ukikipiga kikapita mstari wa nyuma, umekosa vilevile. Mimi nilikuwa mtunza kiwanja cha klabu ya wazungu hapa Lushoto. Niliwaokotea vinyoya, nikawatazama, nikawajua, halafu nikawafunga. Mwaka 1951 nilimfunga bwana shamba Mwingereza mbele ya mke wake, akahamishwa wilaya. Wako wanaosema alihamishwa kwa sababu nyingine.

Raheli nimemlea mimi tangu Stephano afariki, na nimemfundisha mimi. Wiki iliyopita mkoa mzima ulikuja kuchagua wachezaji kwenye ukumbi wetu, kwa kuwa wa Tanga paa lake limeoza. Raheli aliwafunga mabinti wa Tanga mjini mmoja baada ya mwingine. Wale watoto wanapiga kinyoya mpaka ukutani! Hawana adabu ya mkono. Raheli anao mkono wangu, mkono wa kubembeleza: unapiga nusu, unakiacha kijiendee, kinakwenda kutua mstari wa nyuma kama ndege aliyechoka.

Watakaofika nne bora huko Dar mwezi wa tano watabaki kambini na timu ya taifa. Watafundishwa, watasafiri nchi za watu. Raheli ana miaka ishirini, amemaliza kidato cha nne, na kazi yake sasa ni kupalilia viazi pamoja nami. Anaitaka kambi ile kuliko chakula. Mimi nataka ijulikane nani alimfundisha.

Jumanne, 9 Machi

Mvua imeanza. Nimemsomea Severin ukurasa wa juu. Amelalamika sikuandika kwamba yeye ni mrefu kuliko mimi. Haya, ni mrefu.

Jumamosi, 13 Machi

Leo amepanda mwanamke kutoka Mombo na lori la mboga la Hafidhi. Jina lake Bertha. Alikuwa afisa michezo, akapigwa redandansi, yaani akapunguzwa kazini, mwaka jana, sasa anauza chai na maandazi pale mabasi yanaposimama. Alisimama mlangoni mwa ukumbi, koti linachuruzika maji, akatazama mpaka Raheli akamaliza mazoezi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba."

"Binti ana miguu mizuri. Mkono ndio unanitia wasiwasi."

"Mkono ni wangu."

"Ndiyo maana," akasema.

Nikamuuliza kama amepanda mlima kote huko kuja kunivunjia heshima. Akavua koti, akakaa kwenye benchi bila kukaribishwa.

"Mzee, wale mabinti wa Tanga hawakuwa wabovu. Mmoja nimemfundisha mimi. Huku juu hewa ni nyepesi, kinyoya kinateleza. Wao walipiga kama wanavyopiga kwao, kikawatoroka. Sasa Raheli atateremka Dar na mkono huu wa kubembeleza. Kule hewa ni nzito. Kinyoya kitakata pumzi katikati ya kiwanja, na mwenzake atakuwa amekaa anakisubiri."

"Hewa ni hewa," nikamwambia. "Nimeivuta miaka sabini na sita."

"Umevuta ya hapahapa."

Hafidhi, ambaye alikuwa amesimama nyuma anakula karoti ya mteja, akacheka. Nikamtazama, akaenda kukagua tairi.

Yule mama akaendelea. Kwamba pale Mombo kuna ghala la ushirika, tupu tangu ushirika ufe. Kwamba amechora mistari kwa chokaa na kufunga wavu. Kwamba Mombo si pwani lakini ni bondeni vya kutosha, nimwachie Raheli mpaka siku ya safari ili mkono ujifunze.

"Mombo," nikamwambia, "ni mahali pa kununulia vitunguu dirishani mwa basi. Mchezaji hatoki pale."

Akainuka, akavaa koti lake bichi. Kwa Raheli akasema, "Mwanangu, ghala halina kufuli." Kisha akaniaga kwa adabu zote, na hiyo adabu ndiyo iliyoniudhi zaidi.

Tulipokuwa tunakula Raheli akasema, "Babu, tukajaribu siku moja tu."

"Nani alikufundisha kushika raketi?"

"Wewe, Babu."

"Basi."

Jumatano, 17 Machi

Mvua. Viazi vya bondeni vimeanza kuoza.

Alhamisi, 25 Machi

Raheli ameingia kwaya ya Pasaka. Jumanne na Alhamisi anakwenda mazoezini kanisani, anarudi jioni amechoka hoi. Nimewaambia watu sokoni kwamba ataimba peke yake Ijumaa Kuu. Hakuniambia hivyo, lakini kwa sauti ile watamwachia nani mwingine?

Jumanne, 30 Machi

Nusu ya ukumbi wetu wamempa mfanyabiashara wa mitumba. Siku hizi kila kitu ruksa. Tunacheza huku marobota yanatutazama.

Jumatatu, 5 Aprili

Sielewi. Leo Raheli amepiga vinyoya vyote nje. Si kidogo, nje mpaka kwenye marobota ya mitumba. Mkono umenyooka wote, bega zima linaingia, pwa! Nikasimamisha mchezo.

"Una nini wewe? Unapiga kama mabinti wa Tanga."

"Nimechoka, Babu."

"Mtu aliyechoka hapigi mbali hivyo."

Nilimrudisha mwanzo kama mtoto mdogo: nusu, bembeleza, acha. Alifanya, lakini alifanya kama mtu anayemeza dawa. Ugonjwa gani huu unaomwingia mchezaji wakati mashindano yanakaribia? Nimemwambia asile pilipili.

Ijumaa Kuu, 9 Aprili

Nimevaa koti langu la mazishi nikakaa mbele. Kwaya ikaingia. Raheli hayumo. Nikageuka, nikamwona ameketi nyuma kabisa karibu na mlango, macho sakafuni.

Ibada ilipokwisha, Timotheo mwalimu wa kwaya akaja kunisalimu kwa Kishambaa, Onga makeo, nikaitika. Akasema, "Mzee, Raheli hajambo? Tulidhani anaumwa. Tangu ajiandikishe hajafika mazoezini hata mara moja."

Watu wa sokoni walikuwa wamesimama palepale. Mmoja akauliza, "Kumbe si leo anaimba peke yake?"

Nikaondoka moja kwa moja mpaka nyumbani, Raheli nyuma yangu.

"Ulikuwa wapi?"

"Mombo."

"Kwa nani?"

"Kwa mama Bertha. Hafidhi alinishusha na kunipandisha. Babu, nisikilize. Kinyoya cha kule ni kizito kweli. Siku ya kwanza kila nilichopiga kilianguka nusu. Kila nilichopiga! Nililia. Mkono wako haufiki nyuma kule, Babu. Haufiki."

Nimeandika maneno yake kama alivyoyasema. Mkono wangu haufiki. Mkono uliomlisha.

Nimechukua raketi yake nikaifungia katika sanduku langu, ufunguo nimeufunga kwenye shuka kiunoni. Nilimwambia itatoka siku ya safari. Severin alikuja kutuamulia. Nikamwambia Wamatengo wapalilie ya kwao.

"Kesho kutwa Pasaka," akasema, "na wewe umezika raketi."

Ijumaa, 16 Aprili

Mvua usiku na mchana. Raheli anapika, ananiandalia, anasema "Karibu chakula, Babu," basi. Hakuna neno lingine nyumba hii.

Jumanne, 20 Aprili

Mlima umeporomoka njia ya Soni. Barabara imefunikwa, hakuna gari linalopanda wala kushuka. Karoti zimerundikwa kando ya njia zinaoza. Nimemwambia Raheli: sasa hata Mungu amekataa Mombo.

Alhamisi, 22 Aprili

Leo nimemwona uani, hajui nilikuwa mlangoni. Mvua inanyesha. Ameshika mwiko wa ugali, anaupiga hewani juu ya kichwa, mkono mzima, bega zima, anakimbia hatua kwenda nyuma, anaupiga tena. Nguo zimemgandama mwilini. Hapigi kitu. Hakuna kinyoya, hakuna wavu, kuna migomba tu. Alikuwa anahesabu kimyakimya na uso wake ulikuwa uso wa Stephano alipokuwa anaumwa na hataki tujue.

Nikarudi ndani nikakohoa kwa nguvu ili aache kabla sijatoka.

Jumatatu, 26 Aprili

Nimeamua. Watu hawa hawatanyamaza mpaka wanyamazishwe. Nitashuka Mombo mimi mwenyewe, nitasimama katika ghala lao, nitapiga mkono wangu, kinyoya kitatua mstari wa nyuma, halafu tutarudi nyumbani na mjadala umekwisha. Nimechagua kinyoya nilichokikarabati mwenyewe kwa manyoya ya bata bukini wa kijiji cha Kwai. Hakuna bora kuliko hicho katika wilaya.

Severin kasema magoti yangu hayawezi. Nimemwambia atanisoma.

Jumatano, 28 Aprili

Naandika kwa kirefu, na nitaandika yote, kwa sababu nilisema nitaandika yote.

Tulitoka alfajiri mimi na Raheli. Raketi niliitoa sandukuni akaibeba yeye, kinyoya nilikibeba mimi ndani ya kopo, kifuani, kisilowe. Pale mlima ulipoporomoka tulipita kwa miguu juu ya tope, watu wamelaza magogo. Niliteleza mara moja. Raheli akanishika mkono, na baada ya kunivusha hakuuachia upesi. Upande wa pili tulimkuta Hafidhi na lori lake limekwama huku chini tangu maporomoko.

"Shikamoo, Mzee. Unakwenda Mombo kununua vitunguu?"

"Endesha gari."

Mombo ni joto. Nilivua sweta, nikavua na koti. Bertha akatupokea kana kwamba alikuwa na miadi nasi. Ghala ni kubwa, paa refu, ndani kunanuka magunia ya zamani. Mistari imenyooka. Niliipima kwa hatua zangu, ikawa sawa. Nilipima wavu kwa kidevu, ukawa sawa. Nilitafuta kosa mahali pote nikalikosa.

Nikasimama mahali pa kuanzishia. Bertha akasimama upande wa pili, kando, ili kinyoya kipite. Nikapiga ule wangu wa juu, uleule uliomhamisha bwana shamba.

Kilipanda vizuri. Nilikiona kikiwa juu nikaanza kugeuka, kwa sababu mimi huwa sina haja ya kutazama kikitua. Nikasikia tak. Karibu mno. Kilikuwa kimeanguka katikati ya kiwanja.

Bertha hakucheka. Angecheka ningemshukuru. Aliinama, akakiokota, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Kuna upepo mlangoni," nikasema.

Hafidhi akafunga mlango. Nikapiga. Tak, palepale.

"Kimelowa njiani."

Raheli akanipa kinyoya cha Bertha, kipya, kikavu. Nikapiga. Nikapiga tena. Nikabadili mguu. Jasho likaniingia machoni. Kila kimoja kilipanda kama ninavyokijua, kisha kikafika mahali fulani hewani kikakata tamaa, kana kwamba kuna mkono umekishika shingo. Nilipiga mpaka bega likagoma. Havikufika hata kimoja.

Nikampa Raheli raketi. "Piga wewe. Mkono wangu."

Akapiga mkono wangu, nusu, kubembeleza. Tak. Katikati.

"Sasa mkono wa huyu mama."

Akarudi hatua moja, akanyoosha mkono wote, pwa! Kinyoya kikapaa mpaka karibu na mabati, kikazama nyuma kabisa. Hakikufika mstari wa mwisho, kilibaki hatua moja. Lakini kilikwenda. Hata yeye aliona kilivyokwenda, maana alifumba mdomo asitabasamu mbele yangu.

Nikakaa juu ya gunia. Bertha akaniletea chai. Chai yake ni nzuri, hilo nalo naliandika. Nilikunywa mpaka kikombe kikaisha.

"Hewa ya huku ni mbovu," nikamwambia.

"Ndiyo, Mzee. Na ya Dar ni mbovu zaidi."

"Basi mfundishe kupiga hewa mbovu."

Akasema "Haya, Mzee," na hakuongeza kitu. Ningekuwa mimi ningeongeza.

Nimerudi peke yangu. Raketi haimo tena sandukuni, na nyumba ni kubwa.

Jumatatu, 3 Mei

Mvua. Severin amesoma ya tarehe ishirini na nane mara mbili. Hakusema utani wowote. Amenipalilia mstari mmoja wa viazi akaenda zake.

Jumanne, 11 Mei

Njia imefunguliwa. Hafidhi ameleta salamu: Raheli sasa anafikisha kinyoya mstari wa nyuma, lakini akishtuka mkono unarudi wa zamani. Nimemuuliza maana yake nini akishtuka. Akasema, "Mzee, ameshika raketi kwa mkono wako tangu akiwa mtoto. Ghala halijamaliza mwezi."

Jumanne, 18 Mei

Kesho nashuka, tunapanda basi la Dar sote watatu, mimi, Raheli na Bertha. Nimefunga koti la mazishi. Severin amesema nilifungue, siendi kuzika.

Alhamisi, 20 Mei, Dar es Salaam

Joto la hapa unalitafuna. Wamekuja mabinti wa nchi nyingi, wana viatu vya mpira vyeupe, kila mmoja na begi lenye raketi nyingi. Raheli ana moja.

Mechi ya kwanza alicheza na binti wa Uganda, mwepesi kama swala. Lakini vinyoya vya yule binti vilianguka katikati, vyote, na Raheli akavigongomea chini. Bertha akaniambia Uganda nako ni juu. Raheli alimfunga seti mbili bila kupoteza hata moja. Nilimwonea huruma yule mtoto. Naye kuna mzee mahali alimfundisha.

Akishinda kesho, yuko nne bora.

Ijumaa, 21 Mei

Naandika haraka, mtaniwia radhi kwa mwandiko.

Aliyepangiwa ni binti wa Mauritius, mfupi, hana haraka. Mchezo ni pointi kumi na moja, anayepata pointi ni yule tu anayeanzisha, na mshindi ni wa seti mbili. Seti ya kwanza Raheli alipiga mbali, mkono mzima, akamkimbiza yule binti mpaka nyuma, akashinda kumi na moja kwa saba. Nikamwambia mtu wa kando yangu kwamba yule ni mjukuu wangu. Alikuwa ameshaambiwa.

Seti ya pili yule binti akaanza kumvuta mbele, karibu na wavu, kisha anamtupia nyuma ghafla. Raheli akashtuka. Na aliposhtuka nikauona. Nilikuwa wa kwanza kuuona, kabla ya Bertha, kwa sababu ni wangu. Kiwiko kikakunjika. Kifundo kikalegea. Nusu. Bembeleza. Kinyoya kikaanguka katikati na yule binti akakigongomea. Raheli akapoteza ile seti kumi na moja kwa nne.

Seti ya tatu ikawa vilevile. Moja kwa tatu. Moja kwa sita. Mbili kwa nane. Kila kinyoya kinachotoka kwake kilikuwa changu, nakijua kama ninavyojua kikohozi changu, na kila kimoja kilikuwa kinamuua. Bertha alikuwa amenikataza kusema, kanuni hairuhusu mtu kumfundisha mchezaji katikati ya mchezo. Nilikaa juu ya mikono yangu.

Halafu Raheli akatazama jukwaani. Hakumtazama Bertha. Alinitazama mimi, kama alivyokuwa akinitazama akiwa mdogo akikosea, kuuliza kama amefanya sawa.

Nikasimama. Nikapiga kelele kwa Kishambaa, refa asielewe, nazo hapa naziandika kwa Kiswahili ili Severin azisome: "Raheli! Sahau mkono wangu! Mkono wangu haufai huku! Utupe!"

Ukumbi mzima uligeuka. Refa akaninyooshea kidole. Bertha akanivuta koti nikakaa.

Raheli akafuta kiganja kwenye sketi. Kinyoya kilichofuata alikipiga kwa bega zima, pwa, nyuma kabisa. Na kilichofuata. Yule binti wa Mauritius akaanza kurudi nyuma, akaanza kuhema. Tano kwa nane. Saba kwa tisa. Tisa kwa kumi. Kumi kwa kumi, na kwa kanuni yao mchezo ukaongezwa mpaka kumi na mbili. Kumi na moja kwa kumi na moja. Watu walikuwa wamesimama, nchi ambazo sizijui zilikuwa zinamshangilia mtoto wa viazi.

Yule binti akaanzisha. Wakapigiana mpaka nikasahau kupumua. Kisha kinyoya kikaja kirefu juu ya Raheli, akarudi, akaruka, akakipiga kwa nguvu zake zote. Kikaenda. Kikapita kichwa cha yule binti, kikapita mstari wa nyuma, kikatua nje. Upana wa kidole kimoja.

Ikawa imekwisha. Mauritius kumi na mbili, sisi kumi na moja.

Na mimi nilikuwa nimesimama napiga makofi. Mtu wa kando yangu akaniambia, "Mzee, mmefungwa." Nikamwambia nimeona. Kilifika, wewe! Kilifika na kupita!

Baadaye, nje, Raheli alikuwa analia kwenye taulo. Bertha akaniambia polepole, bila ukali wowote, "Kidole kimoja, Mzee. Kwa zile wiki raketi ilipokaa sandukuni, kidole hicho tungekipata."

Hilo nalo naliandika.

Jumatatu, 24 Mei

Tumeshuka basi Mombo saa sita mchana. Mvua imekatika, milima inaonekana yote. Hafidhi alikuwa anangoja na lori. Raheli alichukua begi lake akalirusha nyuma ya lori pamoja na la kwangu, akaweka mguu kwenye tairi apande, kama mtu anayejua kwake ni wapi na hana hiari.

Nikapanda mimi kwanza. Magoti yaligoma, lakini nilipanda. Nikalichukua begi lake nikamshushia Bertha.

"Huyu hapandi," nikasema.

"Babu, na viazi?"

"Viazi nililima kabla baba yako hajazaliwa. Mashindano mengine ni lini?"

"Mwakani," Bertha akasema.

"Basi ana mwaka mzima wa hewa mbovu. Hafidhi, washa gari."

Raheli akabaki amesimama, mkono mmoja umeshika ubao wa lori. Tulipoanza kuondoka akatembea nao kidogo, kisha akauachia.

Nimemaliza. Asiyeamini amuulize Hafidhi, dereva wa lori la mboga, aliyeona vinyoya vyangu vyote vikianguka Mombo. Amuulize Bertha, anauza chai palipo na mabasi, hajui kusema uongo na imemgharimu. Amuulize yule binti wa Mauritius, kama kuna wa kumfikia, alisikia kelele zangu ingawa hakuzielewa. Raheli mwenyewe yupo, ghala la ushirika, mlango hauna kufuli. Ila akiwa katikati ya mchezo, msubiri nje mpaka amalize.